Kisima Kimoja, Namba Moja

Hotuba ya mratibu wa kazi za maji wa shirika letu kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, katika mkutano uliofanyika Matambarale, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi.



 

  Nimepewa dakika ishirini nieleze jambo ambalo kwenye ajenda limeandikwa "mfumo wa kompyuta wa matengenezo ya visima". Najua wapo waliosoma maneno hayo wakasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya vijana wa mjini. Naomba mnivumilie. Jambo lenyewe si la kompyuta. Ni la mama aliyefika kisimani alfajiri akakuta pampu haitoi maji, na ni la muda utakaopita mpaka fundi afike.

Kisima kimoja, taarifa tatu

Nianze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Si muda mrefu uliopita pampu moja ya mkono katika eneo letu la kazi ilikatika maji. Mama mmoja alipiga simu ofisini, karani akaandika kwenye daftari: "Kisima cha msikitini". Mwenyekiti wa kitongoji naye alimpigia fundi moja kwa moja, akakiita "kisima cha mwembeni". Mwalimu aliandika barua kuhusu "kisima cha karibu na shule". Kilikuwa kisima kile kile.

Fundi alipanda pikipiki akaenda kwenye kisima kingine chenye mwembe, akakuta maji yanatoka vizuri, akaandika kwamba hakuna tatizo. Karani aliposikia fundi amekwenda upande ule, alifuta taarifa yake akidhani kazi imekwisha. Barua ya mwalimu ilibaki kwenye jalada. Mpira wa pistoni uliohitajika ulikuwepo stoo siku zote hizo, lakini kwenye leja ya mtunza stoo uliandikwa kwa namba ya boksi, si kwa aina ya pampu, na hakuna aliyejua aulizie nini. Maji yalirudi baada ya zaidi ya mwezi mmoja.

Mwezi ule wote akina mama na watoto wa kike waliteremka bondeni kuchota maji ya madimbwi. Tulipokaa kuchunguza, hatukumkuta mvivu hata mmoja. Mama alitoa taarifa, karani aliandika, fundi alisafiri, mtunza stoo alitunza. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri katika daftari lake. Ila madaftari yale hayakujuana.

Ndugu zangu, ndiyo maana ya kuunganisha mifumo. Taarifa ya kuharibika, orodha ya visima, zamu za mafundi, stoo ya vipuri na hesabu ya fedha viwe vinajuana.

Korosho inatufundisha

Kwa sisi watu wa kusini jambo hili si geni. Tazameni korosho. Mkulima anafikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani kupitia chama kikuu, ambacho kwetu Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na malipo yanapitia benki. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008. Una manung'uniko yake, na hapa wamo watu wanaoyajua kuliko mimi. Lakini malipo yakichelewa mkulima anajua pa kuanzia kuuliza, kwa sababu mkononi ana karatasi yenye namba, na namba hiyo imeufuata mzigo tangu kwenye mizani.

Sasa jiulizeni: mama aliyetoa taarifa ya pampu mbovu ana karatasi gani mkononi? Hana. Akipiga simu mara ya pili anaanza upya kama mgeni.

Mashirika makubwa ya umeme na maji duniani yamelitatua tatizo hili kwa kuunganisha programu zao. Simu kumi za wateja zikiingia kutoka mtaa mmoja, mfumo unalinganisha simu hizo na ramani ya nyaya, unaona kwamba wote wanategemea transfoma moja, unafungua kazi moja badala ya kumi, na gari moja la mafundi linatumwa. Wakiondoka wanajua kifaa gani wachukue. Bila muunganiko huo magari matatu yangeweza kwenda sehemu moja, na sehemu nyingine isiende hata moja. Sisi hatuna magari mengi. Tuna pikipiki chache na barabara ambayo masika huijui mpaka umefika. Kwa hiyo safari moja ya bure kwetu ni hasara kubwa kuliko kwao.

Kwa nini tuliachiwa visima vilivyokufa

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Finland ilisaidia mpango mkubwa wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Visima vingi vifupi vilichimbwa na kufungwa pampu za mkono, zikiwemo zile za NIRA kutoka huko huko Finland. Ilikuwa kazi kubwa na tunaishukuru. Lakini pampu ni kitu kinachosugua na kulika. Inahitaji mtu wa kuijua na kipuri cha kuifaa, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mgeni kurudi kwao.

Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya maji vya vijijini nchi nzima, kazi iliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba karibu vituo vinne katika kila kumi havikuwa vinafanya kazi. Fedha za kuchimba zilipatikana. Palipokosekana nguvu ni kwenye utaratibu wa kutengeneza.

Hesabu hii ni rahisi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikusudia kituo kimoja kihudumie watu 250, wasitembee zaidi ya mita 400. Kituo hicho kikikaa siku 27 bila kutengenezwa, zidisha 27 kwa 250: ni siku 6,750 za watu kukosa maji ya karibu. Kikitengenezwa kwa siku tatu, ni siku 750. Tofauti hiyo ya siku 6,000 ndiyo tunayoizungumzia leo, na ni kwa kisima kimoja tu, kwa kuharibika mara moja.

Waliojaribu kabla yetu

Sikuichagua ile namba 27 ovyo. Mwaka 2013, katika eneo la Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao Wakenya walifanya jaribio. Walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono 66. Mpini ukipandishwa na kushushwa kifaa kinahesabu, kisha kinatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Mpini ukinyamaza, ofisi inajua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku kama 27. Katika jaribio ikawa chini ya siku tatu.

Naomba msichukue somo nusu. Kile kifaa hakikutengeneza pampu hata moja. Pembeni yake kulikuwa na mafundi wenye pikipiki, vipuri vilivyo tayari na mtu wa kupanga nani aende wapi. Kifaa kilileta habari, na habari ilikuta watu wanaoisubiri. Kutokana na kazi ile ilizaliwa huduma inayoitwa FundiFix, ambapo jamii inachangia ada kila mwezi na mfuko maalumu unajazia pengo, kwa kuwa ada peke yake haitoshi.

Jaribio la pili ni la hapa kwetu Tanzania, nalo lina uchungu. Shirika la Daraja lilianzisha mpango ulioitwa Maji Matone. Wananchi waliombwa kutuma ujumbe wa simu kituo cha maji kinapoharibika, ujumbe upelekwe kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vifuatilie. Walitarajia ujumbe 3,000. Waliopata na kupeleka mbele ni 53. Mwishoni mwa mwaka 2011 wenyewe walitangaza wazi kwamba mpango haukufanikiwa na wakaeleza sababu. Wachotaji maji ni wanawake na watoto, lakini simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mtandao ni hafifu vijijini. Na wananchi waliona ni hatari kuonekana wanawasema viongozi.

Nawaheshimu sana kwa kusema ukweli huo, maana mashirika yetu mengi, la kwetu likiwemo, hupenda kuandika mafanikio tu. Mimi naongeza sababu moja ninayoiona kwetu: mtu hatoi taarifa mara ya pili kama ya kwanza haikujibiwa. Mlango wa kuingizia habari haufai kitu kama nyuma yake hakuna fundi.

Tusijenge kisiwa

Wageni wetu wafadhili wametuahidi programu iliyotumika katika nchi nyingine, pamoja na vishikwambi kwa ajili ya mafundi. Tunashukuru kwa dhati. Hata hivyo naomba kusema neno, nalo si la kukosa shukrani.

Sisi si peke yetu tunaohudumia maji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kwa ngazi ya kijiji viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, tunavyovijua kwa jina la CBWSO. Ndio wenye dhamana. Wana orodha yao ya vituo vya maji. Mjini Nachingwea na Masasi iko MANAWASA inayotegemea chanzo cha Mbwinji. Malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo mmoja wa GePG ulioanza mwaka 2017, kwa namba ya malipo tunayoijua wote. Na Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa GovESB kwa kazi hii hii ya kuwezesha mifumo ya taasisi mbalimbali kupeana taarifa.

Sasa sisi tukileta programu yetu yenye orodha yetu na namba zetu, tutakuwa tumenunua daftari la nne. Litakuwa zuri, lenye ramani na rangi, lakini ni la nne. Siku mradi utakapokwisha na ada ya programu isipolipwa, kumbukumbu zote za visima vyetu zitafungiwa mahali ambapo hata mhandisi wa wilaya hawezi kuzifungua.

Tunachopendekeza

Kamati ya maji imekaa na mafundi na watunza stoo, nasi tunapendekeza hatua nne.

Hatua ya kwanza ni namba. Kila kisima kiwe na namba moja, ile ile iliyomo kwenye orodha ya RUWASA. Kisicho na namba tuombe kipatiwe. Namba ipakwe rangi kwenye zege la kisima, kubwa, hata mtoto aisome. Katika Mwanzo sura ya 26 tunasoma kwamba Isaka alichimbua upya visima vya baba yake Abrahamu vilivyokuwa vimefukiwa, akavipa majina yale yale aliyovipa baba yake. Hakubuni majina mapya. Aliyekijua kisima kwa jina la zamani aliendelea kukijua. Watu waendelee kusema kisima cha msikitini au cha mwembeni. Karani aulize namba tu.

Hatua ya pili ni hati moja ya kazi. Taarifa ikiingia, kwa simu, kwa meseji au kwa mguu, inafunguliwa hati yenye namba, na aliyeleta taarifa anapewa namba hiyo. Taarifa ya pili ya kisima hicho hicho inaingia kwenye hati ile ile. Hati inavuta kutoka kwenye orodha aina ya pampu na kina cha kisima, inauliza stoo kama kipuri kipo, na inaonyesha fundi gani yuko karibu na ana kazi gani nyingine njiani. Kwa visima vinavyotumia umeme karani aulize kwanza kama kijijini umeme upo, fundi asisafiri kutwa nzima kwenda kuangalia pampu isiyo na kosa. Fundi akimaliza anaandika alichotumia, na stoo inapungua papo hapo. Mahali pasipo na mtandao simu itunze maandishi hayo mpaka atakapofika penye mtandao.

Hatua ya tatu ni kufunga hati. Fundi asifunge hati yake mwenyewe. Afunge aliyetoa taarifa, akithibitisha kwamba maji yanatoka. Kwa sababu hiyo tunaomba kila kisima kiwe na akina mama wawili wenye simu ya kamati na muda wa maongezi. Namba zao zisibandikwe ukutani wala zisionwe na kila mtu. Mtoa taarifa asiogope.

Hatua ya nne, ya mwisho kabisa, ndiyo kompyuta. Tuendeshe hatua tatu za kwanza kwa kitabu kimoja na simu za kawaida kwa miezi sita. Tukishindwa kwa kitabu, tutashindwa kwa kishikwambi pia, na kwa gharama kubwa zaidi. Tukiweza, tutajua kwa hakika programu itufanyie nini.

Ombi kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati za parokia naomba kitu kigumu. Mifumo ikiunganishwa, uchelewaji wetu utaonekana. Leo pampu ikikaa mwezi tunasema fundi hakuambiwa, fundi anasema kipuri hakikuwepo, stoo inasema haikuulizwa. Hati moja itaonyesha ilikaa mezani kwa nani, siku ngapi. Itaonyesha hata ofisi yangu. Naomba orodha ya hati zisizofungwa isomwe kila mwezi kwenye kikao cha kamati, na nakala ipelekwe msikitini pia, maana visima hivi havina dini. Tuisome bila kugombana, lakini tuisome. Na ada ya maji tuikusanye wakati fedha zipo, baada ya mauzo ya ufuta na ya korosho, tusingoje Februari tukamdai mtu aliye shambani na ghala tupu.

Kwa wafadhili wetu naomba mambo mawili. La kwanza, mkataba wa programu uandikwe wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya jamii, kwamba zinaweza kutolewa zote wakati wowote kwa namna ambayo kompyuta ya wilaya inaweza kusoma, na kwamba programu lazima iweze kupeana taarifa na mfumo wa RUWASA. Ikiwa haiwezi, tusiichukue hata kwa bure.

La pili, sehemu ya fedha za vishikwambi igeuzwe kuwa petroli, matairi ya pikipiki na sanduku la vipuri. Najua petroli haipigwi picha ikapendeza kwenye taarifa ya mwaka, na kishikwambi kinapendeza. Lakini taarifa ikimfikia fundi kwa sekunde tano na pikipiki yake haina mafuta, tumemwongezea mama yule uchungu: sasa anajua kwamba tunajua.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, baada ya mwaka mmoja naomba msitupime kwa idadi ya vifaa tulivyogawa wala idadi ya semina. Tupimeni kwa jambo moja: tangu mama alipotoa taarifa hadi aliposema maji yanatoka, zilipita siku ngapi? Kama hatuwezi kujibu swali hilo kwa kila kisima, kwa namba yake, basi bado hatujaunganisha kitu.

Mungu awabariki mafundi wetu barabarani, na awabariki ninyi nyote.